Nyumba ya Nyota Isiyokuwa na Mlima

Kornelia wa Nambis alikuwa mtu wa kushuku, na hakuona haya juu ya hilo. Mbegu za serikali zilipoletwa kijijini, wenzake walisimama foleni na kushukuru. Yeye alichukua punje moja, akaing'ata, akaitema kiganjani na kuitazama ndani, ndipo akafungua mdomo wa gunia lake. Paroko alipotangaza kwamba misa itakuwa fupi, Kornelia alikuja na kigoda chake. Kwa hiyo mkutano wa kijiji ulipohitaji mtu wa kwenda Arusha kuitazama nyumba ya nyota na kurudi na neno la kweli, haukupoteza muda. Mwenyekiti Nikolausi alitaja jina lake, watu wakacheka, kisha wakanyoosha mikono.

Jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Mwaka ule wa themanini na sita, bwana shamba Joakimu, kijana wa kule kwenye mashamba ya ngano ya serikali uwandani Hanang, alikuja na pendekezo. Alisema mjini Arusha wafadhili wamejenga jumba la duara lenye mashine inayoonyesha mbingu nzima mchana kweupe. Mashine hiyo inajua Kilimia, kile kishada cha nyota za msimu wa kupanda, kitaonekana siku gani. Tangu sasa ofisi itachukua tarehe huko na kuituma kila kijiji, cha uwandani na cha milimani, na watu wote watapanda mahindi kwa tarehe hiyo. Habari ya kungoja macho ya mzee mmoja iishe.

Nambis hawakuwa tena na mzee wa kungojea. Aliyekuwa mtazamaji wao, Hhando, alikuwa kaburini. Kazi yake ilikuwa hivi: Novemba ikiingia, jioni wakati wa kukamua, mtazamaji husimama mlangoni pa zizi na kuutazama mlima wa mashariki. Jioni anapokiona Kilimia juu ya mgongo wa mlima kabla ng'ombe wa mwisho hajakamuliwa, anazihesabu nyota zake. Zikitimia sita, anatangaza. Kesho yake kila nyumba inaondoa ng'ombe mashambani na kupanda, wote siku moja. Tangu Hhando afe, kila mtu alipanda anavyojua mwenyewe. Ng'ombe wa huyu walikula mahindi machanga ya yule, na watu waliobatiziana watoto wakaacha kusalimiana.

Hhando alikuwa mume wa Kornelia.

Mwaka wa themanini na tatu alitangaza siku kama kawaida yake, na kijiji kikapanda. Mvua ndogo ikanyesha, mahindi yakachipua vizuri, kisha jua likawaka wiki tatu bila kupumzika. Yote yaliungua. Watu wa kijiji jirani cha Maretadu, waliopanda siku chache baadaye, mbegu zao zilikuta udongo umeshakauka, zikalala humo salama hadi mvua ya Desemba. Wao walivuna kidogo. Nambis walichimba mizizi, na nyumba nne zilizika watoto. Njaa huku hupewa jina ili watu wahesabie miaka yao, na hiyo ikaitwa Njaa ya Hhando. Mzee alilisikia jina hilo kisimani, kanisani na kilabuni kwa mwaka mzima. Hakumjibu mtu, akafa.

Jambo ambalo kijiji hakikulijua ni kwamba mwaka ule macho ya Hhando yalikuwa yameshaingia ukungu. Aliona ng'ombe, hakuona nyota, na alikuwa na aibu ya kusema. Aliyesimama mlangoni pa zizi ni Kornelia. Mumewe alichuchumaa chini ya ng'ombe, na kila jioni aliuliza, "Bado?" Tarehe kumi na nne Novemba Kornelia akasema ameona. "Ni ngapi?" akauliza Hhando. "Sita," akajibu Kornelia.

Neno hilo moja alikuwa amelibeba miaka mitatu. Hakujua kama alikosea yeye au ni mvua iliyowageuka. Mara nyingi alijiambia ni mvua, na siku ambazo alikuwa ameshiba na hana kazi ya kufikiri, aliamini. Sasa anaambiwa ipo mashine inayojua siku ya Kilimia. Kornelia alikwenda Arusha akiomba Mungu mashine hiyo iwe ya uongo.

Walisafirishwa kwa lori la shamba la ngano. Joakimu alikaa mbele na dereva. Nyuma, juu ya magunia matupu, alikuwamo mzee mmoja wa Kibarbaigi kutoka uwandani, Gidahosh, amejifunga shuka na kushika fimbo yake kati ya magoti. Yeye naye alitumwa na watu wake. Wambulu, watu wa Kornelia, na Wabarbaigi wamenyang'anyana ng'ombe tangu zamani, kwa hiyo wawili hao walitazamana kwa muda mrefu kabla ya salamu.

"Mama, na wewe wamekuita?" akauliza Gidahosh.

"Sijaitwa. Nimetumwa kuangalia."

"Mimi pia." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilifika kilipotaka. "Hawa watu walikuja kwetu na kamba, wakapima uwanda. Kesho yake malisho hakuna, ni ngano tu. Sasa wanasema, mzee, njoo tukuonyeshe mbingu. Wazee wetu wakaniambia, nenda, angalia kama na mbingu wameshapima."

Kornelia alimpenda kuanzia hapo, ingawa hakumwambia.

Nyumba ya nyota ilikuwa na paa la mviringo la bati, na kuta nene zisizo na dirisha. Mlangoni walipokewa na mwalimu kijana aliyeitwa Angela, ambaye ndiye aliyeendesha mashine. Aliinama kidogo akasema, "Shikamooni wazee wangu. Karibuni sana."

"Marahaba," akasema Kornelia, na akaanza kazi aliyotumwa. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Alifunua pazia jeusi kuona kama kuna mtu nyuma yake. Alitazama ile mashine katikati ya chumba, jitu jeusi lenye matundu mengi kama chujio, akauliza inakula nini. Angela akamwambia umeme. Kisha akaviona viti, ambavyo vilikuwa vimeegemezwa nyuma sana.

"Hivi ni viti vya kulalia," akasema.

"Ndiyo, mama, ili shingo isiume."

"Mtu aliyelala ni rahisi kuibiwa." Akachagua kiti cha karibu na mlango.

Taa zikafifia polepole. Kwanza Kornelia hakuona kitu, akaushika mkoba wake vizuri. Halafu nyota zikajitokeza juu, chache, kisha nyingi, kisha nyingi mno. Gidahosh alitoa sauti ndogo kooni. Kornelia alikaza macho kutafuta kosa, maana aliamini lipo. Alitafuta nyota ya asubuhi mahali isipostahili kuwa, hakuipata. Alitafuta Kilimia, akakipata, akazihesabu nyota zake kwa kidole. Zilikuwa sita, na hilo halikumfurahisha hata kidogo.

"Mwalimu," akasema Joakimu kwa sauti ya mtu mwenye mali, "tuonyeshe Novemba hii, saa moja na robo jioni, wakati wa kukamua. Twende siku kwa siku."

Angela akageuza kirungu, mashine ikanguruma kidogo, na mbingu nzima ikasogea. Kornelia alishika mikono ya kiti. Siku zikapita juu ya vichwa vyao moja moja, na Kilimia kikaanza kuchungulia kwenye ukingo wa ukuta, upande wa mashariki.

"Tarehe kumi," akasema Joakimu, akaandika kwenye daftari lake. "Hiyo ndiyo siku ya kupanda. Mmeona wenyewe."

Gidahosh hakutaka habari za kupanda. "Binti," akasema, "hii kitu inaweza kurudi nyuma?"

"Inaweza, mzee. Miaka mingapi?"

"Kabla ya trekta."

Angela akacheka kidogo, kisha akaona kwamba mzee hacheki. Akairudisha mbingu nyuma miaka ishirini, mbio, hadi Kornelia akafumba macho. Iliposimama, Gidahosh aliitazama kwa muda mrefu, shingo imelala kwenye kiti.

"Na chini?" akauliza.

"Chini?"

"Uwanda. Visima vyetu. Makaburi ya wazee. Nionyeshe na chini ilivyokuwa."

"Chini hatuna, mzee," akasema Angela, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ni mbingu tu."

Gidahosh akasimama, akajifunga shuka lake upya. "Basi mimi nimemaliza. Mbingu sikuibiwa." Akapapasa mlango na kwenda kukaa nje juani. Kwake nyumba ile haikuwa na faida yoyote, na hakuna aliyeweza kumbishia.

Kornelia alibaki kitini. Kumbe inarudi nyuma. Alikuwa amekuja na hofu ya mashine inayojua kesho, hakufikiri kwamba inajua na jana. Angeweza kumfuata Gidahosh nje, akarudi Nambis na kusema mambo yale ni upuuzi wa wazungu, na kijiji kingemsadiki. Lakini mtu aliyezoea kung'ata kila mbegu hawezi kuiacha ile iliyo ya kwake. Akajikohoza.

"Mwalimu, nipe mwaka wa themanini na tatu. Novemba, tarehe kumi na nne. Saa ileile."

Joakimu aligeuka akamtazama gizani. Naye aliijua tarehe hiyo. Iliandikwa kwenye daftari la kijiji, na watu walikuwa wakiitaja kama wanavyotaja tarehe ya msiba.

Mbingu ikasogea tena, ikatulia. Kilimia kilikuwapo. Kilikuwa kimeshaupanda ukuta wa mashariki, wazi kabisa, vidole viwili juu ya ukingo.

"Kipo, mama," akasema Angela. "Na si jioni yake ya kwanza. Kilikuwa kimeshatoka siku nne hivi."

"Basi mzee Hhando hakutangaza mapema," akasema Joakimu, na kijana huyo, pamoja na majivuno yake yote, alifurahi kweli. "Mama Zita, ilikuwa ni mvua tu. Nitasimama mkutanoni niseme mimi mwenyewe. Jina lile litafutwa."

Kornelia alihisi kifua chake kikifunguka. Hakuwa amejua kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akivuta pumzi nusu nusu. Machozi yalimtoka naye akayaacha, maana giza lilikuwepo na hakuna aliyeyaona. Aliona kaburi la mumewe likipitwa na watu wanaosalimia. Alimwona binti yake Zita akichota maji kisimani bila mtu kumtupia neno.

Furaha hiyo ilidumu kidogo sana. Hakuna mtu aliyewahi kumpa Kornelia kitu kizuri asikigeuze aone chini yake, na hata hiki alikigeuza. Aliutazama ukingo wa ukuta. Ulikuwa sawa, mfupi, umeizunguka mbingu pande zote bila kupanda wala kushuka. Nyota zilitokea pale pale chini, karibu na sakafu. Ilikuwa mbingu ya mahali pasipo na kitu mbele yake, mbingu ya kwenye ngano.

Angeweza kunyamaza. Katika chumba kile hakuna mwingine aliyewahi kusimama mlangoni pa zizi lake. Alijiambia, nyamaza, Kornelia, mashine imesema, wewe ni nani. Alijiambia hivyo mara mbili. Kisha akamkumbuka Hhando amekaa kitandani mwaka wa mwisho, amegeukia ukuta wakati vijana wakipita njiani wakilitaja lile jina, na akaona kwamba akimsafisha mtu huyo kwa uongo, atakuwa amemchafua mara ya pili. Akasimama.

"Mwalimu, hii mbingu imetazamwa kutoka wapi?"

"Kutoka mahali penye uwanda, mama, pasipo na kizuizi."

"Sisi hatuna uwanda. Mashariki kwetu kuna mlima." Akatoka kitini, akaenda kusimama katikati, ubavuni mwa mashine. "Mume wangu alinifundisha. Ukisimama mlangoni pa zizi, ukinyoosha mkono na kuweka ngumi usawa wa macho, mlima unaishia juu ya kidole gumba. Ngumi nzima. Jua lenyewe asubuhi linachelewa kutufikia."

Kornelia akanyoosha mkono wake wa kulia kuelekea mashariki, akaikalisha ngumi kwenye ukingo wa ukuta, akafumba jicho moja.

Kilimia kikatoweka. Chote kilikuwa nyuma ya ngumi yake.

"Sogeza siku," akasema. "Moja moja. Nitakuambia."

Angela akasogeza. Kumi na tano, hakuna kitu. Kumi na sita, hakuna kitu. Mkono ulianza kumuuma begani, akaushika kwenye kiwiko kwa mkono wa kushoto usishuke. Kumi na saba, kumi na nane. Siku ya kumi na tisa nyota moja ilichungulia juu ya kidole gumba. Tarehe ishirini zikatoka zote, naye akazihesabu kwa sauti, moja hadi sita.

Alishusha mkono. Siku sita. Ile jioni ya tarehe kumi na nne, mlimani hapakuwa na Kilimia, wala hakingeweza kuwapo.

Basi aliona nini? Sasa alikumbuka, na hakuwa na mahali pa kujificha. Kulikuwa na baridi, na wingu jembamba lilikuwa limeushika mlima. Ndama alikuwa akimvuta nguo. Hhando alikuwa ameuliza "Bado?" kwa jioni ya kumi mfululizo. Kitu cheupe kiling'aa kidogo pale juu, naye alikuwa amechoka kusimama. Alisema sita kwa sababu Kilimia ni sita, si kwa sababu alihesabu. Yeye, ambaye hakuwahi kumwamini mtu, alijiamini mwenyewe jioni moja tu bila kutazama mara ya pili.

Joakimu alimsogelea. Alikuwa ameelewa habari ya ngumi, lakini alielewa nusu. "Mama," akasema polepole, "kumbe mzee aliwahi siku sita. Hilo tusiliseme. Mimi nitasema yale ya kwanza. Mzee amelala, alale kwa amani."

Kornelia alichukua mkoba wake kitini. Alimshukuru Angela, akamwomba maji ya kunywa, akatoka nje.

Mkutano ulikaa Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa shule. Kornelia alisimama mbele na watu wakanyamaza, maana walijua atakuwa amekuta kasoro.

"Nyumba ile ni ya kweli," akaanza, na watu wakanung'unika kwa mshangao. "Nimeigonga, nimeichungulia. Nyota zake ndizo zetu. Wapelekeni watoto wa darasa la saba wakaone, wataelewa mambo mengi. Lakini nyumba ile haina mlima. Tarehe ya bwana shamba ni ya wanaokaa kwenye ngano. Tukiifuata, tutapanda siku kumi kabla ya wakati wetu. Mtoto akienda huko afundishwe kunyoosha ngumi."

Joakimu, aliyesimama pembeni na daftari lake, alitikisa kichwa kukubali. Kwa mtu wa ofisi, hilo si dogo. Mwenyekiti Nikolausi akataka kufunga hoja, lakini Kornelia hakukaa.

"Kuna jambo la pili," akasema. "Nimeuliza mashine habari ya mwaka wa themanini na tatu. Tulipanda siku sita kabla ya Kilimia. Na mwaka ule Hhando alikuwa haoni. Macho yake yalikuwa yamekwisha, tukawaficha. Aliyetazama ni mimi. Niliyesema nimeona ni mimi. Sikuhesabu."

Nikolausi alikuwa mtu mwema, akajaribu kumwokoa. "Mama Zita, hayo yamepita. Mbona unajitafutia? Keti tu."

Kornelia alibaki amesimama. Katika safu ya wanawake Benedikta akainuka taratibu. Benedikta alimzika kitinda mimba wake katika njaa ile, na tangu hapo hakuwahi kupita karibu na nyumba ya Hhando bila kutema mate. Alikuja mbele hadi akawa anamfikia Kornelia kwa mkono.

"Mzee alijua?" akauliza. "Tulipokuwa tukimtukana, alijua ni wewe?"

"Hakujua kwamba sikuhesabu. Aliniuliza ni ngapi, nikamwambia sita. Hakuuliza tena." Sauti ya Kornelia ikakatika, akaitafuta mpaka akaipata. "Aliniamini."

Watu walingoja apige kofi au amkumbatie, na hakufanya hata moja. Aligeuka akawatazama wenzake, akasema kwamba kuanzia leo njaa ile iitwe kwa jina la mwenyewe, huyu aliyesimama hapa, na marehemu aachwe. Kisha akarudi kwenye nafasi yake akakaa.

Ikawa hivyo. Mwaka ule watu walipanda siku moja, baada ya vijana wawili na mwalimu wa shule kutazama mlangoni pa zizi kwa jioni nyingi na kuhesabu kila mmoja peke yake. Kornelia hakuombwa kutazama, naye hakutegemea kuombwa. Na karani wa sensa alipofika nyumbani kwake mwaka wa themanini na nane kuandika watu wa kaya, akauliza mjukuu mdogo wa kike, mtoto wa Zita, alizaliwa lini, Zita alisita kidogo akiitafuta tarehe. Kornelia alikuwa akipepeta maharage mlangoni. Alijibu bila kuinua uso.

"Andika alizaliwa mwaka mmoja baada ya njaa yangu."